Biskuti za Mahari

Kama unaikuta habari yangu leo kwa mara ya kwanza, labda kwenye gazeti ulilofungiwa maandazi, usijali, nitakushika mkono.

Naitwa Jovina, mama Zita, wa Kasense hapa Sumbawanga. Nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Zikaja enzi za ruksa, kila mwenye chumba cha mbele akakigeuza duka, la kwetu likafa njaa katikati yao. Mume wangu Tadei akateremka Kipili kutafuta samaki wa kuuza, akapata na mke huko huko. Nikabaki na binti mmoja, na kazi moja ya mikono niliyofundishwa na masista nikiwa msichana. Kazi yenyewe ni kuoka.

Mkasa wa mwisho mliousoma ni ule wa Zita kuniambia ana mimba ya Yonas, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake wanafuga kule bondeni. Yonas alikuja mwenyewe jikoni kwangu, akapiga magoti, akasema ni yake. Tukawa watu watatu tunaoijua siri hiyo. Baba yake, mzee Shigela, hakuambiwa. Mzee yule hataki hata kusikia habari ya wasichana wanaotangulia mambo, na alikwisha kumkataa mchumba wa kijana wake mkubwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo tulikuwa tunakimbizana na jambo moja tu. Ndoa ifungwe kabla tumbo halijasema.

Na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, ndugu zangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mahari ilifika, ng'ombe kwa miguu yao wamepanda mlima kutoka bondeni, Yonas akiwa nyuma yao na fimbo. Wakaingizwa zizini kwa kaka yangu Evaristi, maana mimi zizi sina. Kanisani majina yakatangazwa. Ikabaki sherehe ya kumuaga binti, hii ambayo watu wa mjini wameanza kuiita sendofu, kisha Jumamosi inayofuata ndoa.

Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapowaonyesha watu.

Kipindi kile sukari ya aising ilikuwa imeanza kuonekana madukani. Ilikuja na malori kutoka upande wa Zambia, nyeupe na laini kama poda ya mtoto. Rangi za chakula zilikuwepo, na kakao ya kopo pia. Vitu ambavyo zamani sista alivificha kabatini kwa ajili ya Krismasi, sasa unakwenda mjini na kikapu unarudi navyo.

Wenzangu wa mjini walikuwa wanaandika majina ya maharusi juu ya keki. Mimi nikawaza, wakwe zangu ni wafugaji. Jina juu ya keki litawaambia nini? Watu hawa ukitaka kuwagusa moyo, ongea nao habari za ng'ombe. Basi nitawaokea biskuti za ng'ombe.

Na si ng'ombe yeyote. Nilitaka kila ng'ombe wa mahari awe na biskuti yake, kwa rangi yake, mzee aishike mkononi aseme, huyu namjua.

Nilijiona nina akili sana siku ile.

Nikaenda zizini kwa Evaristi, nikakaa juu ya gogo jioni nzima nikiwatazama.

"Unawahesabu?" kaka akauliza.

"Nawasoma."

"Wana maandishi?"

"Wana rangi, kaka. Hujawaona?"

Evaristi akatikisa kichwa akaendelea na shughuli zake. Kwake yeye ng'ombe ni wa aina mbili tu, anayevuta plau na asiyevuta.

Kati yao alikuwepo jike mmoja aliyeniteka. Alikuwa mweupe, na mgongoni alikuwa na baka jekundu limekaa kama tandiko la punda. Sikio la kulia nusu halipo. Pembe ya kushoto imeinama mpaka karibu na shavu. Alikuwa mpole kupita kiasi, akanisogelea akanilamba mkono. Nikamwambia, wewe nitakutengeneza wa mwisho, nikishazoea kazi.

Fundi bati mmoja mjini akanikatia kibati cha kukatia biskuti chenye umbo la ng'ombe kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Cha kwanza kilitoka nguruwe mtupu, nikamrudishia. Cha pili kikakubalika. Nikakanda unga na siagi na mayai, nikausukuma kwa chupa, nikakata. Nikaoka kwenye sufuria pana, mchanga chini na mkaa juu ya mfuniko, kama nilivyofundishwa. Yule wangu wa pembe iliyoinama nilimpinda pembe kwa kidole kabla hajaingia motoni, na sikio nikalinyofoa kwa ncha ya kisu.

Halafu ikaja aising. Ute wa yai, sukari ya unga, matone ya limau, unapiga mpaka bega linalalamika. Nzito ni ya kuzungushia ukingo, nyepesi ni ya kujazia katikati. Ukitaka baka likae ndani ya ngozi na si juu yake, unaidondosha rangi wakati ile nyeupe bado mbichi, inazama yenyewe inalala. Ukichelewa kidogo tu baka linasimama kama kipele. Upepo wetu wa Julai, huu unaotupasua midomo, ulinikaushia kazi bila shida.

Zita akaja akachuchumaa karibu nami. Alimtazama yule wa mwisho kwa muda mrefu.

"Mama, huyu kama anapumua."

"Usimguse, bado mbichi."

"Jumamosi ikipita nitalala usingizi," akasema. "Silali, mama. Nikilala naota nimesimama kanisani na kila mtu ananiangalia tumbo."

"Itapita mwanangu. Imebaki kidogo."

Ndivyo nilivyomwambia, na niliamini. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu wa kuamini vitu.

Kuhusu kitoweo, mimi na wajomba wa binti tulikubaliana achinjwe mmoja kati ya ng'ombe wale wale. Nilimwambia Evaristi achinje lile dume jeusi. Akasema sawa. Nikarudi kwenye aising yangu, sikuuliza tena.

Siku ikafika, sherehe ikawa uwanjani kwa Evaristi. Wakwe wakaja na lori la kukodi, vumbi mpaka kwenye kope, lakini wamependeza. Shigela alikuja na wazee wa kikao chao cha ukoo. Yonas alivaa suti ya mtumba iliyomkaa vizuri. Na kati ya akina mama alikuwepo mmoja mtu mzima, mwembamba, mkimya, anaitwa Minza. Huyu ni mjane wa marehemu kaka yake Shigela. Hana mtoto aliye hai. Nilimpenda tangu aliponisalimia, alinishika mikono yote miwili na hakuiachia haraka.

Watu wakala nyama na ugali, wazee wakapokezana kibuyu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi. Minza alikula kidogo. Nikamwongezea nyama mwenyewe, nikamwambia mama kula, safari ni ndefu. Akala kwa kunitii.

Kisha nikaingia ndani nikatoka na sinia langu, limefunikwa kitambaa cheupe. Nikapiga magoti mbele ya wakwe, nikafunua.

Wakainama kutazama. Halafu mzee mmoja mwenye koti refu la jeshi akaokota biskuti moja akaipeleka karibu na macho, akaanza kucheka.

"Huyu si yule fahali wa Shigela aliyemkanyaga mganga wa mifugo?"

"Ndiye," mwingine akasema. "Na huyu hapa ni mama yake."

Ikawa vicheko. Wazee wazima wananyang'anyana biskuti kama watoto, wanawataja ng'ombe mmoja mmoja, wanaulizana ukoo wao. Shigela mwenyewe alikuwa anacheka mpaka machozi. Nilimwona Evaristi anavimba kwa fahari. Nilimwona Zita anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona kwa wiki nyingi.

Mara Shigela akaacha kucheka. Alikuwa ameona ile biskuti ya mwisho. Akanyoosha mkono kuichukua, lakini mkono wa Minza ulikuwa karibu zaidi.

Minza akaiweka kwenye kiganja. Akapitisha kidole kwenye lile sikio nusu.

"Mama Zita," akaniita.

"Abee, mama."

"Huyu umemwona wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu kwa majivuno yangu yote. Shigela akaniwahi.

"Mkwe, samahani," akasema, akasimama. "Njoo mara moja, nina neno la kifamilia."

Nikamfuata jikoni. Alifunga mlango. Mzee yule mkubwa, mwenye sauti ya kuamrisha, sasa alikuwa ananong'ona.

"Sema ng'ombe yule umemtunga kichwani mwako," akaniambia.

"Kwa nini, mzee? Si yumo zizini?"

"Yule ni ng'ombe wa Minza. Ndiye pekee aliyeachiwa na marehemu kaka yangu."

Sikuelewa. Akaendelea haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Nilipungukiwa mmoja. Kaka yako Evaristi alikataa kupunguza hata kwato. Nikamchukua yule. Minza nilimwambia ng'ombe wake amezama kwenye matope kandoni mwa ziwa. Alilia siku nyingi."

"Mzee Shigela."

"Najua. Usinihukumu, sina muda. Wale wazee uliowaona wanacheka, wakijua nimemnyang'anya mjane, watanitoa kwenye kikao leo leo. Nikitolewa, harusi hii hakuna wa kuisimamia. Ng'ombe watarudi bondeni na Yonas atarudi nao. Unataka hivyo?"

Nilitaka kumtemea mate. Nasema kweli. Lakini nikaona tumbo la binti yangu kama vile limesimama pale katikati yetu, na Jumamosi imebaki kidogo tu.

"Sitaki," nikasema.

"Basi unajua la kusema."

Nikatoka. Minza alikuwa amekaa vile vile, biskuti kiganjani. Wazee walikuwa wanasubiri, maana walikwisha kuona kuna jambo.

"Nilikuuliza umemwona wapi, mama Zita," akasema kwa upole.

"Sijamwona popote, mama. Nimemtunga tu. Mkono wa mpishi ukishazoea unajichezea wenyewe."

"Na sikio?"

"Lilivunjika wakati wa kuoka."

"Na pembe hii?"

"Unga ulikuwa laini, ukajiinamia."

Nilishangaa jinsi nilivyokuwa hodari. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, moja nyuma ya lingine, na hakuna hata moja lililokwama kooni.

Minza akatikisa kichwa taratibu.

"Nilikuwa naye kama huyu," akawaambia watu, si mimi. "Tulimwita Mbula, kwetu maana yake mvua, maana mvua ndiyo ilikuwa inanyesha alipozaliwa. Fisi alimla sikio akiwa bado ndama. Nilimlaza ndani ya nyumba, mume wangu akanicheka akasema nimepata mtoto. Basi macho yangu yamezeeka. Nisamehe, mama Zita, nimekuharibia shughuli."

Aliniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi, mbele ya watu. Nikasema haina neno, mama. Nilitamani ardhi inimeze nikiwa hai.

Biskuti hakuila. Aliifunga kwenye pindo la kanga yake.

Watu wakarudi kwenye mazungumzo, mzee wa koti la jeshi akaanzisha wimbo, na nikaanza kupumua. Ndipo Minza akaongeza neno lingine.

"Ng'ombe wakirudi kutoka malishoni, nitakwenda kuwaona kabla ya kuondoka. Nimewazoea, nao wamenizoea."

Jua lilikuwa limekwisha kuanza kuteremka. Nikaondoka pale kama mtu anayekwenda kuongeza kuni, nikamkuta Evaristi nyuma ya masufuria anagawa nyama ya wapishi.

"Kaka, yule jike mweupe mwenye baka, asirudi zizini leo. Tuma mtu wampeleke popote, hata kwa jirani."

"Yupi?"

"Wa sikio nusu. Pembe imeinama."

Evaristi akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Huyo mbona umemla."

"Nini?"

"Nimemchinja alfajiri. Si mlitaka kitoweo?"

"Nilikwambia lile dume jeusi, kaka."

"Dume lile linavuta plau, Jovina. Nichinje dume la plau halafu nilime na nini, na sherehe yako? Yule jike alikuwa mzee, maziwa kikombe kimoja. Hafai kwa lolote."

Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Mungu anisamehe. Nilisimama pale mbele ya sufuria na kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha. Hayupo zizini. Ameliwa, amekwisha, Minza atawaona ng'ombe wengine wote na ataondoka na huzuni yake ile ile aliyokuja nayo. Mwanangu ataolewa.

Furaha ile haikudumu hata kidogo.

"Ngozi iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeiwamba nyuma ya kihenge cha ulezi, ikauke. Kwa nini?"

Nikakimbia. Mwanamke mzima, nguo za sherehe, nakimbia katikati ya uwanja na watu wananiangalia.

Minza alikuwa ameuliza choo kilipo, na njia ya choo inapita nyuma ya kihenge.

Nilimkuta amepiga magoti. Ngozi ilikuwa imenyooshwa chini kwa vigingi, upande wa manyoya ukiwa juu, maana Evaristi hana subira ya kufanya kazi kama inavyotakiwa. Nyeupe, na lile baka jekundu katikati. Minza alikuwa amefungua pindo la kanga na kuiweka biskuti yangu juu ya baka. Nimetengeneza biskuti nyingi maishani mwangu. Hakuna hata moja iliyowahi kufanana hivyo na kitu chake.

Hakugeuka. Alijua ni mimi.

"Uliniongezea nyama," akasema. "Nilikuwa nimeshiba, ukasema safari ni ndefu. Nikala."

Nikapiga magoti karibu naye.

Minza akaanza kung'oa vigingi, kimoja kimoja, bila haraka. Nikamshika mkono nikamwambia, mama, nakuomba, nina binti. Akaniondoa mkono kwa upole kama mtu anavyomwondoa mtoto kwenye moto, akaendelea. Alipomaliza akaibeba ngozi ile mbichi begani, nguo zake nzuri zikaloa, akarudi nayo kwa watu.

Wimbo ukakatika.

Aliitandika mbele ya wazee wa kikao. Akaweka biskuti juu yake.

"Mama Zita amesema alimtunga," akasema. "Basi muulizeni kama na ngozi hii ameitunga."

Mzee wa koti la jeshi akainama akatazama. Akamgeukia Shigela, akamwita kwa jina lake tupu, bila mzee wala ndugu.

Nilimwangalia Shigela nikasema, sasa mtu huyu ataanguka. Hamjui watu nyinyi, na mimi nilikuwa sijui. Shigela alisimama wima.

"Ni kweli ng'ombe alikuwa wa Minza," akasema. "Nilimkopa kwa ajili ya kijana wetu, nikakosea kutosema, nitamlipa mwingine mbele yenu. Lakini nyinyi wote ni mashahidi. Mimi nilileta ng'ombe hai. Hawa ndio waliomchinja bila kuuliza ukoo wake. Na huyu mama, ameulizwa mbele yenu, kwa heshima, na mjane, amemkana ng'ombe ambaye nyama yake alikuwa amempakulia kwa mkono wake. Nitamwozaje kijana wangu kwa watu wa namna hii?"

"Si wewe uliyeniambia niseme hivyo?" nikapaza sauti. "Pale jikoni, sasa hivi?"

"Mimi?" akauliza. "Nani amesikia?"

Hakuna aliyesikia. Alikuwa amefunga mlango.

"Ng'ombe wangu warudi leo," Shigela akasema. "Lori lipo, na vijana wa kuwaswaga wapo. Hakuna harusi."

Evaristi akaanza kutukana kwa Kifipa. Akina mama wa upande wetu wakashika vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama tu, nikifikiri kwamba ile Jumamosi niliyoikimbilia nimeizika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa biskuti moja na uongo mmoja.

Ndipo Zita akainuka kwenye kiti cha bibi harusi. Aliondoa shela kichwani akaliweka kitini. Hakuwa na haraka.

"Yonas," akasema. "Wewe ndiye uliyewaswaga toka bondeni. Yule ng'ombe ulimjua?"

Yonas akatazama viatu vyake.

"Nilimjua."

"Ukanyamaza."

"Baba alisema ninyamaze."

"Na huyu niliyembeba tumboni," Zita akasema, "baba akikuambia umkane, utamkana?"

Siri yetu ya watu watatu ikawa ya uwanja mzima.

Shigela aligeuka taratibu. Hakumtazama Zita hata kidogo. Alimtazama kijana wake.

"Yonas. Anasema ana mimba. Ni yako?"

Jamani, kijana yule nampenda hata sasa, na hiyo ndiyo aibu yangu nyingine. Nilimwona anahangaika. Nilimwona anainua macho kwa Zita, kisha kwa baba yake, kisha kwa wazee, kisha anayarudisha chini.

"Sijui, baba," akasema.

Zita hakulia. Alinigeukia mimi.

"Mama, waambie. Alikuja jikoni kwako akapiga magoti. Ulikuwepo wewe. Waambie."

Nikapiga hatua mbele. Nilisimama karibu na ile ngozi, na nilisema kwa sauti ambayo hata barabarani waliisikia.

"Ni kweli. Yonas alikiri mbele yangu, kwa mdomo wake, kwamba mimba ni yake. Nilisikia kwa masikio yangu. Naapa."

Wazee wa kikao wakaangalia biskuti. Kisha wakaniangalia mimi. Yule mwenye koti la jeshi, ambaye ndiye aliyeanza kucheka kwa furaha nilipofunua sinia, akaniuliza bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Na hilo nalo umelitunga, mama?"

Yonas angeweza kusema neno moja tu, na hakusema.

Minza ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa chini pembeni ya ngozi yake, mikono ina damu.

"Mimi namwamini binti," akasema. "Mama yake simwamini, lakini binti namwamini. Ng'ombe wangu ndiye aliyekuja kumwoa, na ameliwa, harudi tena. Basi mtoto huyo ni wangu kuliko wa Shigela. Nyumba yangu haina mtu. Binti, kama unataka, chukua nguo zako twende bondeni."

"Hatoki mtu hapa," Evaristi akasema. Alikwisha kufika mlango wa uwanja, ameshika fimbo ya kuongozea ng'ombe wa plau. "Akitoka kwangu bila ndoa, akamfuata mwanamke huyu, asirudi Kasense. Si yeye wala atakachozaa."

Lori likawashwa. Vijana wa Shigela walikuwa wameanza kushuka kwenda malishoni kuwakusanya ng'ombe. Zita aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha nguo kimefungwa kwenye shuka, ile shuka mpya niliyomnunulia ya kitanda cha ndoa.

Akasimama katikati, Minza upande huu, mjomba wake upande ule. Nikaanza tena kuwaeleza wazee, nikaanza na jikoni, nikaanza na siku ile ya magoti. Zita akaniwekea mkono mdomoni.

"Usiwaambie wao, mama," akasema. "Niambie mimi. Nikae au niende?"